Biskuti za oti na matunda bila yai wala maziwa: kwa nini zinatoka tepetepe

Msomaji wetu wa Tanga ameandika kwamba mwanawe wa miaka 6 amezuiwa na daktari kula mayai na chochote chenye maziwa kwa sababu ya mzio, naye angependa kumwokea biskuti za oti na matunda za kwenda nazo shuleni. Alijaribu kwa kuponda ndizi mbivu 3, akachanganya na vikombe 2 vya oti, nusu kikombe cha tui zito na embe moja lililoiva, akaoka kwa dakika 20. Zilitoka laini, zikagandia kwenye trei, na kesho yake zilikuwa zinanata na zimeanza kuchacha. Anauliza kosa liko wapi, ni kitu gani cha sokoni kinachoweza kushika nafasi ya yai, na kama biskuti za namna hii zinaweza kukaa juma zima.

Dada yangu, kosa liko kwenye maji, na naomba tuyapigie hesabu kabla hatujaligusa yai. Ndizi mbivu ni maji kwa takriban asilimia 75. Ndizi 3 za wastani zikishamenywa hufika gramu 300 hivi, kwa hiyo hapo pekee uliingiza gramu 225 za maji bila kufungua bomba. Embe lina maji zaidi ya asilimia 80, na gramu 150 za nyama yake zilileta gramu 120 na ushei. Tui nalo, hata likiwa zito, sehemu yake kubwa ni maji, tuseme gramu 80 katika nusu kikombe. Jumla inapita gramu 420, wakati vikombe 2 vya oti vina uzito wa gramu 180 tu au zaidi kidogo. Maji yalikuwa zaidi ya maradufu ya nafaka, na huo ni uwiano wa uji mzito. Dakika 20 za oveni haziwezi kuyafukuza maji yote hayo. Hukausha ngozi ya juu ikapata rangi, na ndani pakabaki pabichi na pana unyevu wa kutosha kulisha ukungu na vijidudu vya uchachu.

Oti zenyewe huongeza tatizo, kwa sababu hazinywi maji kwa namna ya unga wa ngano. Zina nyuzilishe iitwayo beta-glukani, asilimia 4 hivi ya uzito wake, ambayo ndiyo inayofanya uji wa oti uvutike na uteleze. Ikishakutana na maji huyashika na kuyafunga katika ute, na ute huo hauachii maji haraka hata ukiwekwa kwenye joto. Tabia hiyo ina manufaa pale maji yanapokuwa kidogo, kwa maana ute mchache huunganisha chembe za oti zisibomoke, lakini maji yakizidi unapata kitu kinachotafunika kama mkate mbichi. Ndiyo maana katika biskuti hizi swali la kwanza kwa kila kiungo si ladha yake, ni kiasi gani cha maji kinaingia nacho.

Sasa yai. Watu wengi wanaoanza kuoka bila yai hulihofia pengo lake kuliko linavyostahili. Yai moja lisilo na ganda lina uzito wa gramu 50 hivi, robo tatu yake ikiwa ni maji, na katika donge la kutoa biskuti 24 kila biskuti hupata gramu 2 tu za yai. Kwenye keki, ambako yai linabeba hewa na kuganda ili kulishikilia umbo jepesi, kuliondoa ni kazi kubwa. Kwenye biskuti ya oti, ambayo ni bapa na nzito kwa asili yake, kazi ya kushikanisha hufanywa zaidi na sukari iliyoyeyuka ikapoa pamoja na wanga wa nafaka. Ukitaka ushahidi, itazame kashata ya nazi au ya karanga: haina yai hata chembe, na bado inakatwa kwa kisu ikabaki na pembe zake, kwa sababu sukari ndiyo saruji yake. Biskuti za Anzac za Australia na New Zealand, ambazo zinahusishwa na askari wa nchi hizo katika Vita Kuu ya Kwanza, zimetengenezwa kwa oti, nazi kavu, siagi na shira nzito ya sukari bila yai kwa takriban miaka 100, na hazibomoki. Huko siagi imo, kwa hiyo hazikufai wewe zilivyo, lakini zinaonyesha kwamba shira ikiwepo yai halitafutwi.

Katika biskuti za matunda saruji hiyo tunaipata kwenye tende. Tende kavu ina maji asilimia 20 hivi, na sukari yake inapita nusu ya uzito wake, tena nyingi katika hali ya glukosi na fruktosi, ambazo hazigeuki fuwele kwa urahisi na hushika unyevu kidogo kidogo ili biskuti isiwe kavu ya kukwaruza koo. Nyama yake ikisagwa inakuwa uji mzito unaonata vidoleni. Kwa maoni yangu tende ndiyo tunda la kwanza la kufikiriwa kwa mwokaji wa pwani, na ndizi ni la pili, ingawa mapishi mengi yanayosambazwa huiweka ndizi mbele kwa sababu ni rahisi kuipiga picha ikipondwa.

Kwa uhakika zaidi wa kushikana, ongeza kijiko kimoja cha mezani cha mbegu za kitani zilizosagwa, au mbegu za chia, ukiziloweka katika vijiko 2 vya maji kwa dakika 15 mpaka zitoe ute. Chia siku hizi si bidhaa ya mbali, kwani inalimwa Uganda na inauzwa kwa uzito katika masoko mengi. Kitani ni lazima isagwe, la sivyo ganda lake linapita bila kutoa chochote cha maana. Chia hutoa ute hata ikiwa nzima. Maji ya dengu zilizochemshwa, ambayo yanasifiwa sana kwa kuwa hupigika povu kama ute wa yai, sikupendekezei hapa, kwa sababu biskuti hii haihitaji povu na wewe huhitaji maji mengine.

Pengo la siagi ndilo zito, na katika jaribio lako halikuzibwa. Mafuta huzipaka chembe za unga na oti zisinywe maji yote, hulainisha mkato, na husaidia joto kupenya sawasawa. Nusu kikombe cha tui kilikuletea mafuta kidogo na maji mengi. Tumia mafuta ya nazi yenyewe. Siagi ina mafuta asilimia 80 hivi na iliyobaki ni maji na chembe za maziwa, lakini mafuta ya nazi ni mafuta matupu, hivyo pishi likitaja gramu 100 za siagi wewe weka gramu 80. Kama unayapika nyumbani kwa kuchemsha tui, yaache motoni mpaka yanyamaze kabisa, kwa sababu ile sauti ya kutatarika ni maji yanayotoka, na yakibaki yataingia kwenye donge na kuyafanya mafuta yenyewe yachache mapema. Mafuta ya alizeti yanafaa pia, ila hayagandi kwenye joto la chumba na biskuti zake huacha mng'ao kwenye vidole.

Hapa Tanga inatofautiana na Lushoto. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi za Selsiasi, kwa hiyo kule milimani utayakuta yameganda ndani ya chupa asubuhi, wakati kwako yako majimaji karibu mwaka mzima. Hilo lina athari mbili. Ya kwanza ni kwamba donge lako litakuwa legevu na litatanuka kwenye trei kabla halijashika, na dawa yake ni kuliweka kwenye friji kwa nusu saa kabla ya kuoka. Ya pili haizungumzwi sana: biskuti ikishapoa katika joto la chumba cha Tanga, mafuta yake hayataganda ili kuipa ukakamavu, na kwa hiyo ukakamavu wote lazima utokane na sukari na ukavu. Mtu wa nchi ya baridi anayefuata pishi lile lile anapata biskuti kavu kwa kuiacha tu mezani, na wewe unalazimika kuikausha kwa moto.

Vipimo ninavyokupendekezea vinatoa biskuti 24 za gramu 30 kila moja kabla ya kuokwa, na ningependa upime kwa mizani, maana kikombe cha oti zilizoshindiliwa na kikombe cha oti zilizomiminwa havilingani. Chukua gramu 200 za oti bapa, zile pana zinazoonekana kama vipande vya maganda, na usage gramu 60 kati ya hizo ziwe unga. Oti za haraka zinafaa pia, lakini kwa kuwa zimekatwa ndogo na kubanwa nyembamba hunywa maji upesi zaidi na biskuti hukosa cha kutafuna. Zile za chembe zilizokatwakatwa kwa chuma zisitumike kabisa, kwa kuwa zitabaki ngumu kama changarawe. Ongeza gramu 80 za unga wa ngano, nusu kijiko cha chai cha baking soda, nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko kimoja cha chai cha mdalasini na hiliki ya kusaga kiasi unachopenda. Pembeni loweka gramu 120 za tende zilizotolewa kokwa katika mililita 60 za maji ya moto kwa dakika 15, kisha uzisage pamoja na maji yake hayo hayo, usiyamwage wala usiyaongeze. Changanya uji huo wa tende na gramu 80 za mafuta ya nazi, gramu 50 za sukari ya kahawia au sukari guru iliyoparwa, ute wa kitani au chia, na kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu. Ndimu ina kazi: baking soda inahitaji asidi ili itoe gesi na isiache ladha ya sabuni. Ukiwa na unga wa ubuyu, kijiko kimoja cha chai kinafanya kazi hiyo hiyo na kinaleta uchachu mzuri zaidi. Magadi yasishike nafasi ya baking soda hata kama yanalainisha maharage vizuri, kwani ukali wake ni mkubwa mno na ladha yake haifichiki.

Matunda ya kutia vipande yawe makavu, gramu 100 kwa jumla: zabibu kavu, embe kavu, nanasi kavu, au mchanganyiko wake, yakikatwa ukubwa wa punje ya maharage. Embe kavu likiwa gumu sana lipe mvuke kwa dakika chache, si kuliloweka. Ukipenda ndizi iwemo, na naelewa kwamba watoto wanaipenda, ponda moja ya gramu 100, uikaange peke yake katika kikaango kikavu kwa moto mdogo huku unaikoroga, mpaka ibaki gramu 60 na rangi yake iwe ya asali nyeusi. Utaona inaacha kurusha mvuke na inaanza kujikusanya kuzunguka mwiko. Hapo maji mengi yameondoka na utamu umejikusanya. Ndizi hiyo iingie badala ya nusu ya tende pamoja na nusu ya maji ya kulowekea.

Mimina vitu vya majimaji juu ya vikavu, changanya kwa mwiko mpaka pasionekane unga mkavu, kisha uache donge lipumzike kwenye friji kwa dakika 30. Mapumziko haya si mapambo. Ukilishika donge mara tu baada ya kuchanganya litaonekana limelowa na linapasuka pembeni ukilibana. Baada ya nusu saa oti zimekunywa, ute umetanda, na tonge linabanika likawa duara lisilo na nyufa. Ukiona bado linanata kwenye kiganja ongeza kijiko cha mezani cha unga wa oti, si zaidi ya viwili. Likiwa linabomoka, lowesha vidole tu. Gawa matonge ya gramu 30, yabonyeze yawe na unene wa sentimita 1, kwa sababu tonge lililopoa kwenye friji halitanuki sana lenyewe, na jinsi ulivyolibonyeza ndivyo litakavyotoka.

Oka kwa nyuzi 170 za Selsiasi kwa dakika 15 hadi 18. Usipandishe kufika 200 kwa haraka ya rangi, maana fruktosi ya tende hugeuka kahawia na kuungua kwenye joto dogo kuliko sukari ya kawaida, na utapata biskuti nyeusi chini iliyo mbichi katikati. Zitoe wakati kingo zimeshika rangi na katikati bado pananyumbuka, ziache juu ya trei yake kwa dakika 10, kisha zihamishie kwenye wavu. Zikishapoa, kama unataka zikauke kweli kwa hali ya hewa yako, zirudishe kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa dakika 10 hadi 15, mlango ukiwa wazi kidogo mvuke upate pa kutokea.

Hukusema unatumia oveni ya aina gani, kwa hiyo nagusia pia anayeoka kwa mkaa. Sufuria pana na nzito yenye mchanga mkavu chini na vijiwe 3 vya kubeba sahani ya bati inafaa sana, ukiifunika na kupalia makaa juu kama unavyofanya kwa mkate wa kumimina. Makaa mengi yawe juu na machache chini, na sufuria ipashwe moto dakika 15 kabla ya kutia biskuti. Nyunyiza unga kidogo juu ya kipande cha bati ndani yake: ukigeuka mweusi ndani ya dakika moja, punguza makaa. Kasoro ya njia hii ni kwamba mvuke hauna pa kwenda, hivyo inua kifuniko kwa sekunde chache baada ya dakika 8 na tena karibu na mwisho.

Kuhusu mzio wenyewe nina tahadhari ambazo usizipuuze. Samli haifai, ingawa wengi huamini kwamba maziwa yote yameshatoka humo, kwani chembe za protini ya maziwa zinaweza kubaki. Maziwa ya mbuzi hayafai pia, kwa sababu protini zake zinafanana sana na za ng'ombe. Siagi za mimea za kopo husomwa lebo kila unaponunua, maana baadhi hutiwa unga wa maziwa au maji ya jibini, na mtengenezaji anaweza kubadilisha mchanganyiko bila kubadilisha rangi ya kopo. Trei na mwiko uliotumika kwa keki ya mayai uoshwe kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kazi hii. Siagi ya karanga au ya korosho ingeongeza ladha nzuri, lakini kwa kuwa biskuti zinakwenda shuleni, ambako watoto hugawiana, ningeiacha mpaka uulize walimu. Unaruhusiwa pia kutotumia ngano kabisa na kuweka unga wa oti mahali pake, ila kumbuka kwamba oti za kawaida mara nyingi hupita katika mashine zinazosaga ngano, hivyo mwenye ugonjwa wa siliaki, yaani yule ambaye utumbo wake hudhurika kwa gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, anahitaji zilizoandikwa kwamba hazina gluteni.

Usishawishike na anayesema kwamba kwa kuwa zimetokana na mimea basi mtoto ale atakavyo. Mafuta ya nazi yana mafuta yaliyoshiba takriban asilimia 90, kuliko hata siagi, na sukari ya tende mwilini ni sukari. Faida ya kweli iko kwenye nyuzilishe za oti na za matunda, na biskuti 2 kwenye kikopo cha shule zinatosha.

Juma zima, kwa hali ya hewa ya Tanga, ni ahadi nisiyoweza kukupa kwa biskuti laini. Zile zilizokaushwa mara ya pili hukaa siku 5 hadi 7 katika bati lenye kifuniko kinachobana, mradi zimepoa kabisa kabla ya kufungiwa, kwani joto lililobaki hutoa mvuke unaorudi kuwa maji juu yake, na hapo ndipo ukungu unapoanzia. Zilizo laini ziliwe ndani ya siku 3, au ziwekwe kwenye friji. Ninachoshauri zaidi ni kutengeneza donge mara mbili ya kipimo, ulikate matonge, uyabonyeze na kuyagandisha kwenye friza yakiwa yametenganishwa kwa karatasi. Yanakaa miezi 2 bila shida, na jioni unatoa 6 au 8 za kesho, unazioka zikiwa bado zimeganda huku ukiongeza dakika 2 au 3 kwenye muda niliokupa.